Watu wa Kampala watapandaje baiskeli?

Ndugu yangu, umeuliza tufanyeje ili watu wa Kampala wapande baiskeli zaidi. Anza na woga wao, maana una sababu: taksi inakupita karibu hadi kioo chake kinakugusa mkono. Mahubiri ya afya hayamtoi mtu nyumbani. Daini njia iliyotengwa kwa ukingo wa zege. Mkichorewa mstari wa rangi tu, pikipiki zitaegeshwa juu yake. Halafu pawe na pa kufungia baiskeli penye mlinzi, sokoni na kazini. Vilima vipo, ndiyo, lakini mtu hushuka akasukuma. Hata bodaboda ilianza kwa baiskeli, mpakani Busia, miaka ya 1960! Nendeni majirani watano kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa wenu, mkamwonyeshe kona moja mnayoiogopa.