Ustadh, hiyo mikoko 3,000 isubiri kwanza

Ustadh, umeuliza mambo matatu kuhusu kuwalea vijana wako 60 wa madrasa kimazingira: mawaidha, usafi wa pwani, na kupanda mikoko 3,000 Jumamosi moja "pale peupe mbele ya msitu". Hilo la tatu usilifanye.

Pale peupe mikoko haipo kwa sababu haipawezi. Maji yanakaa saa nyingi mno, wimbi linautikisa mche kabla haujashika mizizi, na vile vidude vyenye magamba makali vinauganda shinani mpaka unalala. Mtabakiwa na safu za vijiti. Tena ndipo mama zetu wanapookota kombe na chaza! Mnawafundisha watoto kukanyaga riziki ya watu kisha waite hifadhi.

Waliotupotosha ni wale wa miradi wanaokuja na fulana na bango, wanahesabu miche iliyopandwa, wanapiga picha, wanaondoka. Iliyoishi hakuna aliyerudi kuihesabu. Bado inaniuma, maana kijana aliyeshiriki hapo amejifunza uongo.

Pimeni kwanza. Subirini bamvua, siku maji yanapojaa sana kuliko kawaida. Chukueni miti miwili ya mita 3, mtie alama kila sentimita 10. Mmoja uchomekeni chini ya mkoko wa mwisho kuelekea baharini (si mlilana, aina nyingine ya mti wa msitu huo, huo unastahamili maji marefu zaidi), wa pili pale mnapotaka kupanda. Maji yakijaa, vijana wakubwa wapite na mtumbwi wasome yote miwili kwa wakati mmoja. Wa pili ukionyesha maji marefu zaidi, hapo hapapandwi.

Kisha ingieni ndani ya msitu, palipokatwa miti. Fungeni kamba mraba wa mita 1 kwa 1, pahala 10 mbalimbali, mhesabu miche iliyojiotea. Ikiwa mingi, msipande kitu. Tafuteni nani anakata. Ikiwa hakuna miche iliyojiotea, angalieni kama tuta la barabara limeziba mkondo. Maji yakizibwa, hata mkipanda kila mwezi, miche itakufa.

Pakifaa, 300 inatosha, mitano kwa kila kijana katika hao 60. Chagueni mbegu yenye pete ya njano shingoni, isiyo na tundu. Ncha iliyochongoka iende chini, theluthi ya urefu wake ndani ya tope, mita 1 baina ya mche na mche. Viriba vya plastiki msivitumie, mkoko unachomekwa mtupu.

Kila kijana awe na ukurasa wake kwenye daftari, arudi baada ya mwezi 1, 3, 6 na 12. Uliokufa aandike kwa mkono wake na sababu: umetafunwa na kaa, umeng'olewa na maji, umeoza. Asiruhusiwe kuchomeka mwengine kimyakimya ili hesabu itimie. Ukurasa wenye vifo vinne na sababu zake usomwe mbele ya wenzake, na wewe Ustadh uupokee bila kumkemea.