Pingili imeteleza, kwani lazima nitiwe vyuma?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa miaka 63, nakaa Likoni, nauza mahamri na mbaazi. Mwaka sasa nikitembea kidogo tu miguu yaniwaka moto kutoka matakoni mpaka vidoleni, yafa ganzi, nikikaa yaisha. Nimepigwa MRI nikaambiwa pingili ya nne ya kiuno imetelezea mbele ya ile ya tano, gredi ya kwanza. Daktari mmoja ataka kuniunganisha kwa skrubu, mwengine asema nipanuliwe njia ya mishipa tu basi. Nimsikize nani? Na nikitiwa vyuma nitaweza kusujudu? Nina sukari, na mwakani nia yangu ni Umra inshallah.

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Hakuna aliyekudanganya kati ya hao wawili, jambo hili hata sisi wenyewe twabishana nalo mpaka leo. Lakini kwa ulivyoeleza mimi naegemea kwa huyo wa pili, mpaka huyo wa kwanza akuonyeshe picha moja ambayo naona hukuitaja, ntaifikia.

Kwanza ujue haikuteleza kwa sababu ulibeba ndoo vibaya. Diski iliyo kati ya pingili hizo mbili imekauka ikapungua, na vile viungo vidogo vya nyuma vinavyoizuia vikalika, basi ya juu ikawa yasogea mbele pole pole miaka nenda miaka rudi. Hapo hapo pa nne na tano ndipo inapotokea sana, na wanawake waliopita hamsini ndio huwapata zaidi ya wanaume. Gredi ya kwanza maana yake haijapita robo ya pingili iliyo chini yake, na hii ya uzee kwa kawaida haiendi mbali, kwa hivyo hayo ya majirani kwamba iko siku utaamka umepooza yaache.

Kinachokutesa ni mishipa ya fahamu inayobanwa pale njia ilipokuwa nyembamba. Ukisimama wima ama ukishuka mteremko njia yazidi kubana, ukiinama yafunguka. Jichunguze siku ukivuka feri: ukiteremka ile njia ya kuingilia miguu yawaka, kisha ukiegemea mahali ukainama mbele waona nafuu hata kabla hujakaa, basi hiyo ni ya mgongo. Lakini wewe una sukari, na sukari nayo yatia ganzi nyayo, ila hiyo haingoji utembee, hata usiku umelala yakuwaka tu. Na kuna mishipa ya damu kuziba, hapo pia miguu huuma ukitembea lakini ukisimama tu yatulia, huna haja ya kuinama wala kukaa. Mwambie daktari akushike mapigo ya damu pale juu ya mguu, ni kitu cha dakika moja na hakina bei, sioni kwa nini mtu apelekwe tieta bila kushikwa.

Sasa ile picha. MRI wapigwa umelala, na ukilala pingili yaweza kurudi mahali pake, manake MRI peke yake haikwambii kama pingili inacheza ama imetulia. Omba eksirei ya kusimama, moja umeinama mbele na moja umejipinda nyuma. Ikisogea zaidi ya milimita 3 au 4 kati ya hizo mbili basi imelegea, na ukitolewa mfupa wa nyuma kupanua njia bila kuifunga yaweza kuteleza zaidi, hapo skrubu zina maana. Ikiwa imetulia, na miguu ndiyo yakusumbua kuliko kiuno, kupanua kwatosha kwa watu wengi.

Sibahatishi. Norway walichukua wagonjwa 267 wa shida hii hii, wengine wakapanuliwa tu na wengine wakapanuliwa na kuunganishwa, majibu yakatoka 2021: baada ya miaka miwili waliopata nafuu ya maana walikuwa kama 71 kwa kila 100 kwa waliopanuliwa tu na 73 kwa walioungwa, yaani hakuna tofauti ya kukutia gharama. Uswidi nao 2016 waliona hivyo hivyo. Lakini mwaka huo huo Marekani, kwa wagonjwa 66 tu, walioungwa waliendelea vizuri kidogo, na waliorudi tieta ndani ya miaka minne walikuwa 14 kwa 100, waliopanuliwa tu 34. Ndio utaona kila daktari ana karatasi yake mkononi. Mimi kwa mama mwenye sukari ntaanza na oparesheni fupi yenye damu kidogo, ikiwa eksirei imekubali.

Na kama itaishia kwa kuungwa, basi elewa skrubu nne na vijiti viwili kazi yake ni kama zile mbao za fundi zinazoshikilia zege mpaka likauke, kinachounga hasa ni mfupa wako wenyewe na hiyo ni kazi ya miezi 3 mpaka 6, wengine mwaka. Ndio maana sukari ikiwa juu sikupeleki, taka kipimo kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c), kikipita 8 tushughulikie sukari kwanza, maana kidonda kikiingia usaha kwenye vyuma ni balaa jengine. Na kama watafuna tambuu, toa tumbaku, tena wiki kadhaa kabla mpaka mfupa ushike, nikotini yazuia mfupa kuunga iwe ya sigara, ya shisha ama ya mdomoni. Umri wako pia wataka kipimo cha ugumu wa mifupa, skrubu kwenye mfupa laini hulegea.

Kusujudu: pingili moja ikifungwa hupotezi mwinamo wote, sehemu kubwa ya kuinama hutoka kwenye nyonga. Wengi hurudi kusujudu mfupa ukishashika na daktari akishakuruhusu, kabla ya hapo sali kwa kiti, dini imempa mgonjwa ruhusa. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kazi yako, kukanda unga umekaa kibao na kukuna nazi kwenye mbuzi umejikunja saa nzima. Hata usipofanyiwa kitu, pandisha meza.

Na je fizio umefanya kwa dhati, miezi miwili mitatu, si siku mbili? Wako wanaotulia hapo. Kukandwa mafuta hakuna ubaya, ila asikukanyage mtu mgongo ati arudishe pingili, hairudi kwa kukanyagwa. Na diklofenaki za kununua kaunta punguza mamangu, zaharibu figo na sukari yenyewe ishaanza kazi hiyo. Lakini mkojo ukikwama ama ukitoka bila kujua, ganzi ikiingia sehemu za siri, ama wayo ukianza kulegea usiweze kuuinua, usiningoje mimi wala kliniki, nenda kasualti ya hospitali kuu ya Makadara (Coast General) siku hiyo hiyo.

Ukiulizia bei, uliza kama vyuma vimo ndani ya hesabu ama vyatozwa kando, na SHA, ile bima ya afya ya serikali, yalipa kiasi gani, upewe kwa maandishi.

Umra: Safa na Marwa peke yake ni kama kilomita 3, kwa hali ya sasa utaumia, lakini viti vya magurudumu vipo. Ukifanyiwa oparesheni usipange ndege ndefu miezi ya mwanzo, damu huganda miguuni. Na mashine za eapoti zikilia kwa vyuma waonyeshe kovu na barua ya daktari, wamezoea.