Maumivu ya Neva Mguuni: Sindano au Kukandwa?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 52 na nina kisukari. Kwa zaidi ya mwaka sasa nasumbuliwa na maumivu yanayoanzia kiunoni, yanapita takoni na kuteremka nyuma ya paja la kushoto hadi unyayoni, yakiwaka kama pilipili. Vidonge vya kawaida havinisaidii. Nimeshauriwa kuchomwa sindano ya mgongoni, lakini ndugu zangu wanasema kukandwa kunatosha. Nifuate lipi?

JIBU: Pole sana. Maelezo yako yanaelekea kwenye neva kubwa ya siatiki, ambayo mizizi yake hubanwa mara nyingi pale diski iliyo kati ya pingili za kiuno inapochomoza. Kisukari nacho huharibu neva, ingawa aghalabu huanzia kwenye nyayo zote mbili na kupanda juu. Kwa hiyo kwanza upimwe, ijulikane tatizo limeanzia wapi.

Sindano hiyo kwa kawaida huwa na dawa ya ganzi pamoja na steroidi, na daktari huielekeza karibu na mzizi wa neva, mara nyingi kwa msaada wa picha ya eksirei. Ganzi huisha baada ya saa chache, ndiyo maana wagonjwa wengi huona maumivu yamerudi usiku uleule na kudhani wametibiwa bure, ilhali steroidi huhitaji siku kadhaa kupunguza uvimbe. Nafuu ikipatikana, huweza kudumu wiki au miezi michache, lakini diski hairudishwi mahali pake. Ndiyo maana nasisitiza muda huo wa nafuu utumike kwa mazoezi ya mgongo na nyonga chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, kwani ukiumaliza kitandani utakuwa umepoteza faida kubwa ya sindano. Kwa kuwa steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa, panga na daktari wako namna ya kuipima mara nyingi zaidi, na umweleze iwapo unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Ndugu zako hawajakosea kabisa. Misuli ya kiuno na tako hukakamaa kwa sababu ya maumivu, na kukandwa taratibu huilegeza, ukapata usingizi na kutembea kwa wepesi. Kinachokosekana ni uwezo wa kuondoa kilichoibana neva. Mkandaji akibonyeza tako na maumivu yakachoma hadi mguuni, mwambie aache hapo hapo. Usikubali kukandwa kwa maji ya moto unyayoni, kwa maana mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kuhisi.

Zipo pia dawa zinazolenga neva, kama amitriptilini na gabapentini, ambazo daktari huanza kwa dozi ndogo. Muulize kama zinakufaa.

Iwapo utapata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au unyayo ukakataa kunyanyuka, usisubiri miadi: nenda hospitali siku hiyohiyo.