Kabla hujauza AC yako kwa sababu ya kelele, shika ukuta

Jumapili iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayekaa Kisasa, hapa Dodoma. AC ya chumbani kwake inanguruma usiku kucha, mume wake ameshahamia sebuleni, fundi amekuja mara tatu na mara zote tatu ameongeza gesi. Mwisho akauliza: "Kaka, niiuze?"

Nilimjibu usiku uleule kwamba asiuze. Halafu nikakosa usingizi, kwa sababu swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe mwaka 2022 na nikajijibu vibaya. Jibu lile lilinigharimu zaidi ya shilingi milioni moja, na lilinifanya nimvunjie heshima mtu ambaye sikupaswa kumvunjia.

Nilikuja Dodoma 2019, kazi ilipohamia huku. Nikajenga Ilazo, kiwanja kidogo, ukuta wa chumba changu na ukuta wa jirani vimeachana kichochoro cha kupita mtu mmoja. Sisi tuliotoka Dar tulijiambia kwamba huku AC haina kazi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba usiku unajifunika blanketi mbili. Ni kweli, mpaka Oktoba ifike. Oktoba na Novemba, mvua ikiwa bado, jua linapiga tofali za saruji mchana kutwa, na ukishalala zile tofali zinaanza kukurudishia joto lote ndani. Nje kumepoa, wewe chumbani shuka limelowa jasho. Mwaka wa tatu nikashindwa. Nikanunua AC ya BTU 12,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza), fundi akaja asubuhi, akafunga mashine ya ndani chumbani na ile ya nje kwenye breketi ukutani, upande wa kichochoro, saa saba mchana alikuwa ameshamaliza na kuondoka.

Wiki ya kwanza nilifurahi sana. Wiki ya pili nikaanza kuusikia: mngurumo mzito, wa chini, ambao ukiweka kichwa kwenye mto unaingia mpaka kwenye meno. Ile mashine ya ndani ilikuwa imetulia kabisa. Kelele ilikuwa inatoka kila mahali na haitoki popote. Nikamwita fundi, akasema gesi imepungua, akajaza, nikalipa 120,000. Siku nne, mngurumo uleule. Akarudi, akajaza tena. Leo najua kwamba gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta pa kuvuja hajakutengenezea kitu. Lakini wakati ule sikujua, na bado nikikumbuka ile hela naumia.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo ni ngumu kwangu kuiandika.

Jirani yangu wa ule upande wa kichochoro ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, Mgogo wa hapahapa, aliyekuwa kwenye mtaa huu kabla sisi wageni hatujaanza kupanga foleni za viwanja. Kila asubuhi nikipita nilikuwa namsalimia "Mbukwenyi", naye anacheka kwa jinsi ninavyolitamka. Jioni moja ya Novemba alikuja getini. Akasimama, akaulizia watoto, akaulizia kazi, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, usiku nasikia kama kuna mashine ya kusaga ndani ya ukuta wangu."

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimetoka kumlipa fundi mara ya pili. Nikamjibu: "Mama, kila mtu ana haki ya kupoa nyumbani kwake."

Hakunijibu. Akasema, "Haya, baba, usiku mwema," akaondoka zake. Baada ya hapo salamu ikawa "shikamoo" na "marahaba", basi. Ilipita karibu miezi miwili ndipo nikasikia kwa mke wangu kwamba mjukuu wa yule mama alikuwa anafanya mtihani wa Kidato cha Nne Novemba ileile, na kwamba mtoto alihamishia godoro lake jikoni ili alale. Jikoni, ndugu zangu. Mimi nimelala kwenye ubaridi, mtoto wa watu yuko kwenye mtihani na analala jikoni. Yule mama alikuwa na pa kwenda kulalamika. Angeweza kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na nchi hii ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za 2015. Alichagua kuja kwangu kwanza, kwa upole, na mimi nikamfungia mlango.

Basi nikafanya nilichodhani ni uungwana: nikauza ile AC kwa bei ya kutupa, nikanunua ya inveta, yaani inayoongeza na kupunguza mwendo yenyewe, shilingi 1,350,000, iliyoandikwa kwenye boksi desibeli 24 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa mashine ya ndani. Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza mwaka 1999 kwamba chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 usiku, nikaona nimepita mtihani. Ikafungwa palepale, kwenye breketi zilezile, tundu lilelile la ukutani.

Usiku wa kwanza mngurumo ukarudi. Tena safari hii ulikuwa unapanda na kushuka, kama mtu anayeimba akitafuta sauti.

Nilikaa kitandani nikashika kichwa. Mke wangu akasema jambo ambalo fundi hakulisema: "Labda siyo mashine."

Aliyetuokoa alikuwa fundi mwingine, mzee aliyezoea kufunga majokofu ya buchani. Alikuja na mfuko mdogo wa vifaa, na nusu saa ya kwanza hakufungua hata nati moja. Alizunguka nyumba akiweka kiganja ukutani. Kiganja, anasikiliza. Anasogea hatua moja, kiganja tena. Halafu akatoa bisibisi ndefu, akaweka mpini sikioni na ncha kwenye breketi, kisha kwenye bomba la shaba, kisha kwenye grili ya dirisha. Alipofika kwenye grili akaniita: "Njoo usikie, mzee." Nikaweka sikio. Ile grili ilikuwa inaimba.

Fundi wa kwanza alikuwa amelifunga bomba la shaba kwa waya kwenye grili ya dirisha, ili lisining'inie. Mzee akaukata ule waya kwa koleo, akalisukuma bomba kwa kidole likaachana na chuma, na zaidi ya nusu ya kelele ikakatika hapohapo. Nilisimama kwenye kile kichochoro machozi yananilengalenga. Milioni na ushee, na kosa lilikuwa kipande cha waya cha urefu wa shubiri.

Alinieleza hivi, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ya AC ya kawaida kwa umeme wetu huu inazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Kila mzunguko ni pigo dogo. Mashine yenyewe haina eneo kubwa la kutoa sauti nzito, lakini ukiishikisha kwa chuma kwenye ukuta au kwenye grili, ukuta mzima unakuwa ngozi ya ngoma. Ya inveta inabadilisha mwendo kila wakati, ndiyo maana ilikuwa inapanda na kushuka, na kila ilipofika kwenye mwendo unaolingana na ile grili, grili iliitikia kwa nguvu. Zile desibeli 24 za kwenye boksi zilipimwa mashine ikiwa peke yake kwenye maabara. Ukuta wangu haukuwemo kwenye hesabu.

Zile breketi nazo zilikuwa na raba, ila ni raba ya tairi iliyokatwa, ileile ya katambuga. Ni ngumu mno kwa mzigo mwepesi vile, haibonyei, na raba isiyobonyea inapitisha mtetemo wote kama ilivyoupokea. Mzee hakuishia kubadilisha raba. Alisema mashine hii isikae ukutani kabisa, wala isimtazame yule mama. Tukaihamishia nyuma ya nyumba, chini, juu ya kitako cha zege, na raba laini chini ya kila mguu. Mimi nilitaka iwe karibu na ardhi kabisa, akakataa: vumbi la Dodoma la mwezi wa nane na wa tisa linatambaa chini, mashine italivuta lote. Tukainua kwa tofali mbili. Akapima kwa pima maji kwamba imekaa sawa, akaacha nafasi ya kutosha nyuma yake ipate kuvuta hewa. Tundu la bomba ukutani alilijaza sponji, siyo saruji, shaba isiguse tofali.

Kwa hiyo, dada yangu wa Kisasa, na wewe mwingine unayesoma hapa huku umehesabu hela ya mashine mpya: shika ukuta. Ukutani kukitetema, mara nyingi shida iko kwenye namna ilivyofungwa, siyo kwenye mashine. Shika grili. Shika bomba. Chochote kinachoguswa na bomba la shaba kiachanishwe nalo. Mashine ikipiga kelele ya kugongagonga kama bati, mara nyingi ni skrubu ya kava imelegea, zima kwenye swichi kubwa uikaze. Ikilia kama ndege, mara nyingi ni beringi ya feni. Ikivuma halafu ishindwe kuwaka, mara nyingi ni kapasita, kile kifaa kinachoipa mota nguvu ya kuanza, au umeme umeshuka, na usiilazimishe. Ikisikika kama maji yanabwabwaja, angalia bomba la kutolea maji lisiwe limejikunja. Mlio wa plastiki kupasukapasuka ikiwaka au ikizima ni kawaida, plastiki inatanuka na kusinyaa. Na wale wachache mnaowasha upande wa joto mwezi wa saba, mkisikia pumzi nzito kama mtu ametua mzigo, ni valvu inageuza njia ya gesi. Tulieni.

Filta osheni. Huku kwetu kila wiki mbili wakati wa vumbi. Feni inayovuta hewa kupitia filta iliyoziba inapiga kelele bila sababu.

Lakini kubwa nililotaka kusema ni hili. Tunajenga kwa haraka mno. Iyumbu, Nala, Mtumba, kila siku misingi mipya. Tunachagua rangi ya bati, tunachagua vigae, tunabishana wiki nzima kuhusu geti, na ile mashine itakayonguruma usiku kwa miaka kumi tunamwachia fundi aamue kwa dakika tano, naye anaitundika pale ngazi yake inapofika. Kabla ya plasta, simama kwenye kiwanja uangalie dirisha la jirani liko wapi. Jirani yako asiye na AC analala madirisha wazi, anapokea kelele yako yote. Na jirani akija getini kwako jioni, mfungulie, mpe kiti, msikilize mpaka amalize. Usimjibu kwa neno haki. Nilimjibu hivyo mama mwenye umri wa mama yangu mzazi, na sitasahau jinsi alivyogeuka kuondoka.

Tulipomaliza kuihamisha mashine nilikwenda kwake na mke wangu. Nikamwomba radhi mbele ya yule mjukuu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilisikia kumetulia, nikadhani mmesafiri." Mtoto alikuwa amefaulu, yuko anasubiri kuchaguliwa shule.

Mwaka jana mwanawe aliyeko Mwanza alimtumia hela ya AC. Mama akanifuata yeye mwenyewe, akaniomba nimsaidie kupata mahali pa kuitundika. Tulizunguka nyumba yake mpaka jua likazama, mimi mkono ukutani, yeye nyuma yangu ameshika tochi. Tukakubaliana upande wa jikoni, panapotazama barabara.