Mtoto Tumemzika, Deni la Mazishi Limebaki

SWALI: Mhariri, mke wangu alijifungua mtoto wa kiume hapa mjini Lamu, na kwa kudra ya Mola akafariki usiku uleule. Wazee walitaka azikwe Faza kwenye makaburi ya ukoo, nikakodi boti kwa fedha za kukopa ambazo sijazilipa. Sasa ami yangu anashikilia kwamba hitima ya arobaini, yaani kisomo cha kumwombea maiti, haina budi kuchinjwa ng'ombe na kualikwa mtaa mzima, ilhali mimi ni baharia wa jahazi tu. Ni lipi hasa linalonilazimu?
– Msomaji, Langoni

JIBU: Ndugu yetu, pole wewe na mama mtoto, na Mola amjaalie awe akiba yenu.

Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi huko kwenu, maiti huzikwa kwa mali yake mwenyewe, na asiyeacha kitu, kama mtoto mchanga, gharama zake humwangukia yule aliyewajibika kumlisha, yaani wewe. Lakini wajibu huo ni mdogo kuliko unavyodhaniwa: kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika. Bafta ya kumfunika mwili mzima, maji na karafuu maiti kidogo vinatosha, na kaburi kwa desturi huchimbwa na vijana wa mtaa bila ujira. (Angezaliwa maiti baada ya kutimiza miezi minne tumboni, angeoshwa, akakafiniwa na kuzikwa, ila kwa kauli yenye nguvu hangeswaliwa.)

Boti ya Faza haikuwa wajibu, kwani makaburi ya Waislamu yapo Lamu pia. Hata hivyo deni umelichukua kwa jina lako, na kulilipa kunatangulia karamu yoyote. Wala si utovu wa adabu kuwaomba wazee walioamua safari ile wachangie.

Ama ng'ombe, hakuna sheria inayomdai mfiwa. Jaafar bin Abi Talib, binamu wa Mtume, alipouawa vitani Muta mwaka 629, Mtume aliamuru jamaa zake wapikiwe chakula, kwa kuwa walikuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Mkitaka kusoma hitima, isomwe baada ya Alasiri kwa kahawa na tende, na atakayeona haitoshi alete chakula chake. Usimkabili ami yako peke yako, maana mdogo kumwambia mkubwa "sina" huonekana ubishi; mpelekee imamu au mzee wa rika lake amweleze.

Kwa maoni yangu, shilingi ya kwanza itakayopatikana ni ya mke wako. Maziwa hushuka siku chache baada ya kujifungua hata kama mtoto hayupo, na matiti hujaa yakauma. Kitambaa chenye maji baridi humpa nafuu, na akikamua akamue kidogo tu, kiasi cha kupunguza maumivu, kwa sababu kuyamaliza huyafanya yazidi kuja. Akipata homa au damu ikitoka kwa wingi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asisubiri arobaini ya nifasi, yaani siku za damu ya uzazi.

Mwisho, karatasi. Mtoto aliyezaliwa hai kisha akafa huandikishwa mara mbili, kuzaliwa kwake na kufa kwake. Ikiwa alifia hospitalini, anzia hapo hapo kuulizia taarifa zake. Ikiwa alifia nyumbani, mwendee naibu wa chifu. Fanya hivyo kabla ya miezi 6 kupita, kwa sababu baada ya hapo utahesabiwa umechelewa na taratibu zake huwa ndefu zaidi.