Kutembea na MS: Usawa wa Mwili Kwanza, Nguvu za Miguu Baadaye

Mtu anayeishi na ugonjwa wa multipo sklerosisi, ambao madaktari huuandika kwa kifupi MS, akianza kupepesuka, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuimarisha misuli ya miguu. Ushauri huo una faida yake, lakini kwa nilivyouishi ugonjwa huu hapa Mombasa, naamini kwamba usawa wa mwili unastahili kufanyiwa mazoezi yake wenyewe, tena mapema, kwa sababu mguu wenye nguvu usiopata habari za kutosha utayumba vilevile.

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia myelini, yaani ala inayozifunika nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, na ujumbe ukawa unachelewa au kupotea njiani, kama umeme katika waya uliochubuka. Ili tusimame wima, ubongo hutegemea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo, misuli na viungo. Nyayo zikishikwa na ganzi, macho hubebeshwa mzigo wao. Ndiyo maana unapoinama kwenye sinki kunawa uso, ukafumba macho kuepuka sabuni, mwili hukutupa mbele ghafla ingawa hukuhisi udhaifu wowote, na ndiyo maana umeme ukikatika usiku, njia ya kwenda chooni unayoijua vizuri hugeuka kuwa ya hatari. Nawa uso ukiwa umeketi, au mkono mmoja usiuache ukingo wa sinki, na tochi iwekwe mahali mkono unapofika kutoka kitandani.

Mazoezi ninayoyathamini zaidi hayahitaji mashine. Simama kwenye pembe ya kuta mbili, mgongo ukielekea kwenye pembe hiyo, na mbele yako kuwe na kiti kizito cha kushika. Anza kwa kusimama miguu ikiwa imekaribiana; ukizoea, tanguliza mguu mmoja hadi kisigino chake kiguse vidole vya mwingine, halafu geuza kichwa polepole kulia na kushoto. Kufumba macho ni hatua ya mwisho, na isifanywe pasipo mtu wa karibu wa kukudaka. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenifundisha alikuwa akinikumbusha kila mara: "Mama, inua uso, tazama dirishani, usiilinde miguu kwa macho." Aliona kwamba nikiitazama miguu, nyayo hazipati nafasi ya kufanya kazi yake. Kuinuka kitini polepole bila kutumia mikono, kisha kuketi tena bila kujiangusha, ni zoezi jingine linalojenga nguvu na usawa kwa pamoja. Mwombe mtaalamu akupime kabla ya kuanza, kwa kuwa kiwango kinachomfaa mmoja chaweza kumwangusha mwingine.

Kwetu pwani, joto ni sura ya peke yake. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, alieleza mwaka 1890 jinsi macho ya wagonjwa wake yalivyofifia baada ya kujichosha. Leo inajulikana kwamba mwili ukipata joto, ujumbe katika nyuzi zilizoharibika hudhoofika zaidi, na ukipoa hali hurejea. Basi wakati wa kaskazi fanya mazoezi alfajiri, feni ikiwaka, kitambaa chenye maji baridi kikiwa shingoni, na upumzike kabla miguu haijawa mizito. Udhaifu unaoondoka ukishapoa si dalili ya madhara mapya. Lakini udhaifu mpya unaodumu zaidi ya saa 24, au unaokuja pamoja na homa au maumivu ya kukojoa, unahitaji daktari, kwani hata maambukizi ya njia ya mkojo huweza kuuharibu mwendo.

Kagua viatu vyako. Soli iliyolika kwenye ncha ya vidole kwa upande mmoja inaonyesha kwamba mguu huo unaburuzwa, na kandambili, ambazo hulazimisha vidole kung'ang'ania, huzidisha tatizo. Vaa kiatu kilichofungwa kisigino, na uulize kuhusu kifaa cha kushikilia kifundo cha mguu. Bakora ishikwe kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu dhaifu, na mpini wake ufikie usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima, mikono ikining'inia.

Dawa zipo pia. Fampridini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ajili ya kuboresha mwendo, huwasaidia baadhi ya wagonjwa tu, na haimfai aliyewahi kupata kifafa wala mwenye figo zilizodhoofika kwa kiwango cha kati au kikubwa. Baklofeni hulegeza misuli iliyokakamaa, ila kipimo kikizidi huweza kuuondoa hata ule ukakamavu uliokuwa ukikusaidia kusimama, kwa hiyo mweleze daktari ukiona magoti yanalegea.

Kwa jamaa wanaotusindikiza, nawaomba msitushike mkono na kutuvuta. Simama upande wa mguu dhaifu, nyuma kidogo, umwache mgonjwa akushike yeye, na mnapovuka barabara au kupanda matatu mazungumzo yasubiri, kwa sababu kutembea na kujibu maswali kwa wakati mmoja hugawanya umakini ambao sisi tunauhitaji kwa kila hatua.