Jibu: Kipimo cha DNA kinasema hatari yangu ya kisukari ni ndogo, nitulie?

Salaam dada. Mama na mjomba wako wana kisukari, lakini kile kipimo cha mate ulichonunuliwa Marekani kimesema hatari yako ni ndogo. Usitulie bado. Kisukari cha aina ya pili hakiletwi na jeni moja. Ni mamia ya tofauti ndogondogo, kila moja ikisukuma kidogo tu, na alama za hatari kama hiyo yako hukokotolewa zaidi kwa data za watu wenye asili ya Ulaya. Kwetu zinakosea zaidi. Mimi naamini ukoo kuliko karatasi hiyo.

Anza na sukari ya asubuhi kabla hujagusa chai; hapo Umoja kliniki nyingi wanapima. Ikifika 7.0 mmol/L, rudia siku nyingine. Na kwa vile kwenu ni Siaya, ambako selimundu ni ya kawaida, pima pia kama umebeba jeni yake, kwa sababu kwa mbebaji HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, inaweza kusoma chini ya hali halisi. Dada yangu, mbebaji, HbA1c ilimwambia yuko sawa. Sukari ya asubuhi ikatoka 8.2.

Mjomba kama alianza insulini akiwa kijana, huenda ni aina nyingine ya kisukari. Hiyo mwachie daktari.